Siku Kumi na Nne za Tochi

Kama kuna kitu kilichomchosha Marta kuliko ngazi ya kupandia darini, ni watu kumsifu. Ngazi walau haikuwa na unafiki. Ilikuwa na vipago saba, na kila kipago kililiambia goti lake ukweli. Lakini sifa! Akienda kisimani, sifa. Akitoka misa Rangwi, sifa. "Mama Silvano, mbegu zako za mwaka jana! Maharage yaliota yote kama yameitwa majina." Naye huitikia, "Tumshukuru Mungu," akaongeza mwendo asije akaulizwa neno la pili, kwa maana hata yeye hakuelewa maharage yale yaliotaje.

Marta alikuwa mchagua mbegu wa kijiji cha Kwemanolo. Tangu kijiji kilipoandikishwa kuwa cha ujamaa, sehemu kubwa ya mbegu za shamba la pamoja ilikaa katika dari yake, juu ya mafiga, ikipigwa moshi usiku na mchana ili wadudu wasiizoee. Kila Agosti, kabla ya vuli, alipanda huko na kuketi juu ya gunia, akachagua punje mojamoja: nzima huku, iliyobunguliwa kule. Punje iliyobunguliwa ina tundu dogo la mviringo, dogo mno, na ndani mdudu ameshakula kiini. Ukiipanda hiyo hujapanda, umezika. Kazi hii haikupewa mtu ovyo. Ilimpa Marta kigoda cha mbele mkutanoni, na neno lake katika mambo ya shamba halikurudishwa.

Mumewe alikwisha kufa. Mwanawe Silvano alikuwa kwenye mashamba ya chai huko Bulwa, akionekana Krismasi na Pasaka. Nyumbani walibaki wawili, yeye na Klara, mke wa Silvano. Sasa mwondolee Marta mbegu, uone atabaki nani. Atabaki ajuza wa kulishwa na mkwe. Jambo hilo lilimkaa rohoni kila siku, kwa sababu macho yake yalikuwa yanakwenda.

Yalianza kwa ukungu. Na Usambara ukungu si habari, kwa hiyo mwaka wa kwanza alidhani ni ule wa nje. Mwaka wa pili akalaumu koroboi, kwamba mafuta ya taa ya siku hizi yametiwa maji. Mwaka wa tatu hakulaumu tena kitu. Alijifunza kuchagua kwa vidole, akipapasa kila punje kwa ncha ya kidole gumba akitafuta tundu, na hakumwambia mtu. Mficha maradhi kilio humfichua, wahenga wamesema, lakini wahenga hao hawakuwahi kuketi kigoda cha mbele.

Ndipo Kornelio, mwenyekiti wa kijiji, alipokuja asubuhi moja na kitu kimefungwa ndani ya leso.

"Shikamoo, Mama Silvano."

"Marahaba, mwanangu. Karibu moto."

Kornelio akakaa, akafungua leso. Ndani mlikuwa na tochi ndogo ya bati, imepakwa rangi ya kijani, fupi kiasi cha kumezwa na kiganja. Si zile kubwa za walinzi, zenye betri nne na uzito wa mchi. Hii ilikula betri mbili nyembamba.

"Tochi ya nyumbani," alisema. "Boksi zima liko Mombo. Wilaya wanasema kijiji kijaribu moja kwa siku kumi na nne. Ikifaa, boksi linapanda huku kwetu, kila mchagua mbegu apate yake, zinazobaki ziende dukani. Isipofaa, wenzetu wa kijiji cha ng'ambo wanaisubiri. Halmashauri tukaulizana, mwenye jicho kijiji hiki ni nani? Sote tukasema, Mama Silvano."

Marta aliipokea kwa mikono miwili. Sababu ya tochi hakuhitaji kuelezwa. Mwaka uliopita Zainabu, mchagua mbegu wa kitongoji cha chini, aliangusha koroboi darini kwake. Nyumba ikaungua na mbegu zote ndani yake, naye akatoka na mkono wa kulia umebabuka hadi kwenye kiwiko. Wachaguzi wengine wanne wa kijiji walikuwa bado wanapanda na koroboi, wakisali kwanza.

Lakini niseme kweli, wakati ule Marta hakumfikiria Zainabu. Alijifikiria mwenyewe. Pengine si macho, aliwaza. Pengine muda wote huu ni koroboi tu, na sasa nimeletewa mwanga wa kweli. Kornelio alipoondoka tu, alipanda vipago saba bila kupumzika katikati, jambo ambalo hakulifanya tangu mazishi ya mumewe.

Darini palikuwa peusi kwa masizi hata mchana. Akaketi, akamwaga maharage kwenye ungo, akasukuma swichi kwa kidole gumba. Haikusogea. Akasukuma tena kwa vidole viwili, ikalia ka! na mwanga ukatoka. Duara jeupe lilitua juu ya ungo. Aliona duara, aliona ukingo wa ungo, aliona hata mkono wake. Maharage ndani ya duara yalikuwa uji.

Akaisogeza karibu, uji ukazidi kung'aa. Akaiweka mbali, uji ukafifia. Akaing'ata kwa meno, mikono yote miwili ipate nafasi, mate yakamdondoka kifuani. Alikaa hivyo hadi shingo ikakaza, kisha akaizima na kubaki gizani na ungo wake mapajani. Hakulia. Alikuwa amechoka, na kulia nako ni kazi.

"Mwanga mzuri, mama?" Klara aliuliza kutoka chini.

"Hafifu."

"Ndiyo, mama. Hafifu," Klara aliitikia, ingawa hajaushuhudia.

Hivyo ndivyo alivyokuwa Klara. Miaka sita katika nyumba ile, hakuwahi kumjibu Marta neno tofauti na ndiyo. Alifundishwa kwao kwamba mke hamkosoi mavyaa, mama wa mumewe. Mavyaa akitia chumvi mara mbili, unakunywa maji mengi. Marta aliipenda adabu hiyo, kama wakwe wote wanavyoipenda ikiwa upande wao.

Siku ya tano Ramadhani, mwuza duka la kijiji, alipanda mlima na daftari. Yeye ndiye aliyepewa kuandika maendeleo ya tochi.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kusikia hali ya mgonjwa wetu."

"Marahaba. Mgonjwa hana nafuu," Marta alisema. "Andika. Swichi ni ngumu asubuhi, baridi inaikamata. Katikati ya duara la mwanga pana doa jeusi. Bati lake ni la baridi, ukilishika kidogo tu vidole vinakufa ganzi. Haina pa kuning'inizwa. Na mwanga wenyewe hafifu."

Yote ya kwanza yalikuwa kweli, hata doa. Klara alikuwa ameshatafuta dawa ya lile la kuning'iniza, akaifunga tochi kwa kamba ya mgomba kwenye boriti ikaangaza ungo kutoka juu, vizuri kabisa. Hilo Marta hakumwambia Ramadhani. Na lile la vidole lilimuuma kuliko alivyoonyesha, kwa sababu vidole ndivyo vilivyokuwa macho yake, na Agosti ile baridi ya milimani ilikuwa imeshaanza kumnyang'anya.

"Hafifu," Ramadhani alirudia akiandika. "Basi wewe ukisema hafifu, mama, nani tena ataona? Ninyi ndio wenye macho."

"Ndiyo," alisema Klara kutoka mafigani.

Siku ya tisa Marta alikwenda Rangwi kumwona dada yake mgonjwa. Njiani ukungu ukashuka mzito, akakata shauri kurudi. Alifika nyumbani mapema kuliko alivyotazamiwa. Mlango ulikuwa wazi, jikoni hapana mtu. Nyuma ya nyumba, kwenye kizizi cha mbuzi ambacho hakina dirisha, alisikia sauti ndogo. Ti. Kimya. Ti. Ti. Kitu kidogo kikidondokea ndani ya kopo.

Akasogea. Mwanga wa tochi aliuona, huo aliuona vizuri, ukitoka kwenye umbo la Klara aliyeinama. Klara alikuwa ameing'ata tochi kwa meno, ungo mapajani. Kando yake palikuwa na gunia ambalo Marta mwenyewe alilifunga jana kwa mkono wake baada ya kulichagua.

"Unafanya nini?"

Klara alishtuka, tochi ikaanguka kwenye samadi. "Shikamoo, mama. Napepeta tu. Palikuwa na vumbi."

"Marahaba." Marta alinyoosha mkono. "Nipe hilo kopo."

Lilikuwa zito. Alilichukua hadi mlango wa jikoni, Klara nyuma yake, akatumbukiza vidole kwenye maji ya uvuguvugu ya mafigani vipate uhai, akachota punje chache. Kisha akazipapasa kwa ukucha. Tundu. Tundu. Matundu mawili. Nyingine ukucha ulizama hadi ndani. Hizi zote alizipitisha yeye. Zote aliziita nzima.

Ndipo akaelewa maharage ya mwaka jana yaliotaje. Na ya mwaka juzi pia.

Kwanza alipandwa na hasira, tena hasira ya kweli, mkwe kumfanya mjinga ndani ya nyumba yake! Halafu ikaja aibu, akakumbuka kila sifa aliyoipokea kisimani. Mwisho, kama kawaida yake siku hizi, ukaja uchovu ukafunika vyote viwili. Aliketi kizingitini.

"Tangu lini, Klara?"

"Tangu lini nini, mama?"

"Unajua."

"Lilikuwa vumbi tu, mama," alisema Klara, akiifuta tochi kwa pindo la kanga, na sauti yake ilikuwa na machozi. Marta hakuuliza tena. Ungemkaba koo yule binti asingelitamka.

Siku tano zilizobaki alizikaa bila kupanda ngazi, akisingizia goti. Aliwaza sana, na mengi aliyoyawaza hayakuwa mazuri. Aliona wazi kwamba akinyamaza, mambo yatakwenda yenyewe. Daftari la Ramadhani lilikwisha kuikataa tochi. Boksi litakwenda ng'ambo, yeye atabaki na kigoda chake, Klara ataendelea kurudia mbegu kwenye kizizi, akitumia koroboi, na wote watasema ndiyo mama hadi siku ya kumzika. Ilikuwa rahisi. Alikaribia kabisa kuikubali, na nisimtetee hapo. Mtu aliyechoka hupenda njia ya mteremko.

Siku ya kumi na nne mkutano ulifanyika kwenye ghala la kijiji, saa nne asubuhi, ukungu umejaa mlangoni. Marta aliketi kigoda cha mbele. Mtu akaja akaketi karibu yake, akamshika mkono kumwamkia, na kabla hajasema neno Marta alijua ni nani, kwa sababu ngozi ya mkono ule ilikuwa imekunjamana na kulainika isivyo kawaida ya ngozi.

"Shikamoo, dada Marta."

"Marahaba, Zainabu. Umeanza kuchagua?"

"Bado. Nyumba mpya imeezekwa, lakini kupanda darini na moto naogopa. Nasubiri mtuambie habari ya tochi."

Mkono ule ulikaa ndani ya mkono wake muda mrefu.

Kornelio akafungua mkutano, akapita mambo ya barabara na ya zahanati, kisha akamtaka Ramadhani asome. Ramadhani akasoma: swichi ngumu, doa jeusi, bati la baridi, haina pa kuning'inizwa, mwanga hafifu. Watu wakaguna. Kornelio akasema kwamba kwa maelezo hayo halmashauri inashauri boksi lisipande, ila kwa heshima wamsikie mwenyewe aliyeijaribu.

Marta akasimama. Goti likalia.

"Tochi ni nzuri," alisema. "Swichi itiwe mafuta kidogo. Bati livalishwe kitambaa. Ifungwe kamba ya mgomba kwenye boriti, mtu achague kwa mikono miwili, wala haiunguzi nyumba. Mwanga wake ni wa kutosha. Mimi ndiye sioni. Macho yamekwisha, ndugu zangu. Mwaka wa tatu huu."

Mtu mmoja nyuma akacheka kwa upole, na wengine wakamfuata.

"Mama yetu bwana!" alisema Kornelio, naye akitabasamu. "Mnaona utu wa wazee? Anaona haya kuikatalia wilaya kitu walichotuletea, basi anajibebesha yeye. Hapana, mama. Usijali. Tutawaandikia kwa lugha nzuri."

"Kornelio, mimi sioni."

"Mwaka jana zimeota zote," alisema mtu.

"Hazikuwa zangu!"

Hilo nalo walilichekea. Kornelio akamgeukia Klara aliyesimama ukutani na akina mama vijana. "Klara, wewe unakaa naye. Mama haoni?"

"Mama anaona," alisema Klara, chini kabisa.

Marta alihisi kuchoka kulikopita kote. Muda wote huu amewadanganya watu hawa, wakamwamini bila shida. Leo anawaambia kweli, wanamwonea huruma kwa adabu yake.

"Leteni maharage," alisema. "Yale ya kwenye pipa, hayajachaguliwa. Ramadhani, washa tochi, nimulikie hapa."

Wakamletea kwenye kopo. Ramadhani akamulika. Marta akaweka mikono yake nyuma kwanza, watu waone hapapasi, kisha akaanza kuchota kwa macho matupu punje moja moja kutoka kwenye kopo na kuziweka kwenye kiganja cha kushoto. "Nzima," alisema. "Nzima. Nzima. Hii nzima." Hakuona kitu. Alichukua chochote kidole kilichokigusa, akahesabu hadi kumi, akawanyooshea kiganja. "Haya. Tazameni. Niambieni."

Watu wa mbele wakainama kutazama. Aliwasikia wakivuta pumzi, akasikia mmoja akijikohoza. Aliwajua wote. Wengi wao aliwabeba mgongoni.

"Ziko sawa, mama," alisema Ramadhani.

"Kornelio?"

"Naam, mama." Kornelio alichelewa kidogo. "Naona ziko sawa."

"Zainabu?"

Zainabu alimshika tu sketi.

Basi ndivyo. Wangempanda shambani na kumpalilia kabla mmoja wao hajamwambia mkubwa kwamba amekosea. Marta aligeukia ukutani, palipokuwa na kanga nyingi zilizochanganyika machoni pake zikawa rangi moja, akanyoosha kiganja huko.

"Klara. Njoo."

Klara alikuja. Marta alimjua kwa harufu ya moshi wa nyumba yao.

"Mimi nimechoka, mwanangu," alisema, si kwa sauti ya mkutano. "Nimechoka kuambiwa ndiyo. Nizeeshe vizuri. Tazama hizi."

Nje mbuzi alilia ndani ya ukungu. Kisha vidole viwili vya joto viligusa kiganja chake, vikaokota punje moja.

"Hii ina tundu, mama."

Watu wakashtuka kama amemtukana. Kornelio alisema, "We Klara!"

"Mwache," alisema Marta. "Sema kwa nguvu, wakusikie."

"Ina tundu," Klara alisema, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Na hii ina tundu. Hii imebunguliwa pande mbili. Hii pia, mama. Na hii."

Punje zilidondoka sakafuni moja baada ya moja. Marta alizisikia zote. Kila moja ilimuuma, wala hakukunja kiganja. Klara alipokwisha kudondosha ya saba alisita, akamwangalia mavyaa wake usoni, mkono umebaki hewani.

"Endelea," alisema Marta. "Zimebaki tatu."